Mkutano wa Video: Faida Zake, Mipaka Yake na Haki ya Mwananchi

Mfanyabiashara wa Taveta mwenye rufaa katika Mahakama Kuu ya Voi huamka alfajiri siku kesi yake inapotajwa. Hupanda matatu, hupita Maktau, Bura na Mwatate, na kufikia Voi amesafiri zaidi ya kilomita 100. Hukaa mahakamani akingoja zamu yake. Kesi ikiitwa, jaji huuliza kama nyaraka zote zimewasilishwa, hutoa tarehe nyingine, na shughuli huisha. Pengine imechukua dakika tano. Duka limefungwa kutwa, nauli ya kwenda na kurudi imetumika, na kama wakili ametoka Mombasa, safari yake nayo ina gharama.

Shughuli hiyo hiyo sasa yaweza kufanyika mfanyabiashara akiwa dukani kwake, simu ikiwa mbele yake. Hiyo ni faida ambayo hakuna anayeweza kuikana. Lakini siku ya kutoa ushahidi, mtandao ukikatika shahidi akiwa katikati ya jibu, jambo linalohusika si nauli tena. Ni haki ya mtu kusikizwa.

Somo hili linaeleza mkutano wa video ni nini, umeisaidia vipi kazi na maisha ya watu, unakwama wapi, na mwananchi wa Taita Taveta afanye nini ili autumie bila kupoteza haki yake.

Mkutano wa video ni nini?

Mkutano wa video ni mazungumzo ambayo watu walio mahali tofauti huonana na kusikizana kwa wakati mmoja kupitia mtandao. Kamera huchukua picha, kipaza sauti huchukua sauti, na programu iliyo ndani ya simu au kompyuta hubana vyote viwili na kuvituma kwa vipande vidogo vidogo. Upande wa pili, programu huviunganisha tena. Vipande vikichelewa, picha huganda. Vikipotea, sauti hukatika.

Wazo hili si geni. Mwaka 1927, maabara za kampuni ya simu ya Marekani zilionyesha picha na sauti ya Herbert Hoover zikisafiri kutoka Washington hadi New York kwa waya. Mwaka 1964, kampuni ya AT&T ilionyesha simu ya picha katika maonyesho ya kimataifa ya New York. Simu hiyo ilikuwa ghali na haikuenea. Kilichokuja kubadilisha mambo ni intaneti ya kasi na simu zenye kamera.

Kwetu Kenya, hatua kubwa ilikuwa mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kupitia chini ya bahari, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, iliyokuwa ghali na yenye ucheleweshaji wa sauti.

Mwaka 2020 ulivyobadilisha mazoea

Tarehe 13 Machi 2020, serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini. Siku mbili baadaye ilitangazwa kwamba shule zifungwe, na Mahakama ikapunguza shughuli zake. Mahabusu hawakuweza kuletwa kortini kwa wingi, mawakili hawakuweza kujazana kwenye ukumbi, na kesi haziwezi kusimama milele. Majaji na mahakimu wakaanza kusikiza kesi kwa video na kusoma hukumu mtandaoni. Vyuo vikuu vilihamishia mihadhara kwenye mtandao. Kampuni ambazo sheria ilizitaka zikutane ana kwa ana na wenye hisa ziliruhusiwa kukutana kwa mtandao, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Biashara ya mwaka 2021 ikaupa utaratibu huo msingi wa kudumu.

Majumbani nako mambo yalibadilika. Aprili 2020 mazishi yalikuwa yamewekewa kikomo cha watu 15. Katika jamii ambayo msiba huwakusanya ukoo mzima, jirani na kanisa au msikiti, jamaa wengi walimzika mpendwa wao wakitazama simu. Wengi walishukuru kwamba waliona. Wengi pia walikiri kwamba kuona si sawa na kuwa pale.

Ugonjwa ulipopungua, mazoea yalibaki. Machi 2024 Mahakama ilieneza mfumo wa kuwasilisha kesi kwa njia ya kielektroniki katika vituo vyake kote nchini. Kwa hiyo swali la leo halihusu dharura tena. Ni namna ya kawaida ya kufanya kazi, na kila mwananchi anafaa kuielewa.

Faida kwa kaunti kama yetu

Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 17,000, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671. Watu hawa wametawanyika: wengine milimani Wundanyi na Mwanda, wengine tambarare za Kasigau, wengine mpakani Taveta. Mahali kama hapa, umbali ni gharama ya kila siku.

Faida ya kwanza ni kuokoa muda na nauli. Kutajwa kwa kesi, kikao cha kamati ya watu wanane, mahojiano ya awali ya kazi, au kikao cha mwanafunzi na msimamizi wake wa utafiti, yote yanaweza kufanyika bila mtu kusafiri.

Faida ya pili ni kuwafikia wataalamu. Muuguzi katika zahanati ya mbali anaweza kumwonyesha daktari aliye Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi kidonda cha mgonjwa, na daktari huyo akauliza maoni ya bingwa aliye Mombasa, umbali wa takriban kilomita 150. Sheria ya Afya ya Kidijitali ya mwaka 2023 inatambua matibabu ya mbali kuwa sehemu ya huduma za afya. Mgonjwa ambaye angesafirishwa bure bila sababu hubaki karibu na nyumbani, na yule anayehitaji kusafirishwa haraka hujulikana mapema.

Faida ya tatu ni soko. Kaunti yetu inajulikana kwa vito, hasa tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina la Tsavo mwaka 1974. Mchimbaji au mkataji wa vito aliye Voi anaweza kumwonyesha jiwe mnunuzi aliye ng'ambo, akaligeuza mbele ya kamera na kujibu maswali papo hapo. Mazungumzo ya bei huanza bila gharama ya safari.

Faida ya nne ni familia. Vijana wetu wengi wanafanya kazi Nairobi, Mombasa na nchi za Ghuba. Mama aliye Mbololo anayemwona mwanawe aliye Riyadh hujua kwa macho kama mtoto amekonda, amechoka au ana furaha. Ujumbe wa maandishi huficha mengi ambayo uso hauwezi kuficha. Jamaa wa wanaokwenda Umoja wa Falme za Kiarabu wafahamu kwamba huko simu za WhatsApp huzuiwa, hivyo ni vyema kukubaliana kabla ya safari ni programu gani iliyoruhusiwa itakayotumika, ili kimya kisizue hofu bure.

Changamoto ya kwanza: mtandao na milima

Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale ambapo hakuna kizuizi kati ya mnara na simu. Milima ya Taita, yenye kilele cha Vuria cha mita 2,208, inapendeza macho lakini hukata mawimbi. Nyumba iliyo upande mmoja wa mlima hupata mtandao mzuri, na ya upande wa pili ikawa kama iliyo kivulini. Hapo ndipo watu huonekana wakipanda mwamba au kusimama kando ya barabara, simu juu, wakitafuta mtandao. Mtu wa namna hiyo hawezi kukaa saa mbili kwenye kikao.

Hata mahali penye minara, mtandao unategemea nyaya za mbali. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki kwa wakati mmoja. Stima nayo ikipotea, kompyuta na vifaa vya intaneti huzimika. Kikao muhimu kinahitaji mpango wa pili: nambari ya simu ya kawaida ya kupiga mtandao ukigoma, na tarehe mbadala iliyokubaliwa mapema.

Changamoto ya pili: gharama ya data

Watu wengi hushangaa data ilivyokwisha. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme picha inatumwa kwa kasi ya kilobiti 600 kwa sekunde. Saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha 600 kwa 3,600, kisha gawanya kwa 8 ili kupata kilobaiti: jibu ni 270,000, yaani takriban megabaiti 270. Lakini simu hutuma picha yako na kupokea ya wenzako, kwa hiyo ni megabaiti 540 kwa saa.

Sasa zima kamera. Sauti peke yake kwa kilobiti 80 kwa sekunde hutumia megabaiti 36 kila upande, jumla 72. Tofauti ni zaidi ya mara saba. Anayenunua data kidogo kidogo anaweza kufungua kamera wakati wa salamu na wakati wa kuzungumza, kisha akaizima anaposikiliza. Waandaaji wa vikao nao wasimlazimishe kila mtu kuwasha kamera saa nzima. Kwa baadhi ya washiriki amri hiyo ni sawa na kufungiwa mlango.

Programu za bure pia zina kikomo. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40, na Google Meet ya bure hukata baada ya saa moja washiriki wakiwa watatu au zaidi. Kikao cha ukoo kuhusu mgao wa shamba kikikatwa mzee akiwa katikati ya neno lake, ugomvi unaweza kuzuka kwa sababu isiyo ya mtu yeyote.

Changamoto ya tatu: mwili, akili na macho

Mwaka 2021 Profesa Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alieleza sababu nne zinazofanya mikutano ya video ichoshe. Nyuso za watu huwa karibu mno na hukukodolea macho muda wote. Mtu hujitazama mwenyewe bila kukoma, kama aliyewekewa kioo kazini. Mwili hubanwa mahali pamoja. Tena akili hufanya kazi zaidi kutafuta ishara ambazo ana kwa ana huonekana zenyewe.

Dawa zake zipo: punguza ukubwa wa picha, ficha picha yako mwenyewe, simama na unyooshe miguu, na usipange vikao viwili bila pumziko kati yake.

Kamera pia hudanganya macho. Hujirekebishia rangi kulingana na mwanga, hivyo kijani cha tsavorite kinaweza kuonekana kikali au hafifu kuliko kilivyo. Daktari vivyo hivyo haoni weupe wa macho kwa usahihi, na hawezi kulibonyeza tumbo. Ndiyo maana bei ya mwisho ya jiwe hukubaliwa jiwe likiwa mkononi, na mgonjwa mwenye maumivu makali hupelekwa hospitalini badala ya kupigiwa simu.

Changamoto ya nne: usiri na ulaghai

Anayezungumza na daktari, wakili au meneja wa benki kwa video ndani ya matatu ameongea na abiria wote. Katika nyumba ya chumba kimoja, mke anayetaka kueleza dhuluma anayofanyiwa hawezi kusema mtesi akiwa kando yake. Mwenye kuendesha kikao cha aina hii amwulize kwanza mwenzake: "Je, uko mahali unapoweza kuzungumza kwa uhuru?"

Kuna pia suala la kurekodi. Katiba, Kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe na awe na sababu halali, na taarifa za afya zina ulinzi wa ziada. Ukiona alama kwamba mkutano unarekodiwa, una haki ya kuuliza kwa nini, na rekodi itawekwa wapi.

Ulaghai nao umepata uso na sauti. Mapema mwaka 2024 ilifichuliwa kwamba mfanyakazi wa kampuni ya uhandisi ya Arup huko Hong Kong alituma takriban dola milioni 25 za Marekani baada ya mkutano wa video. Aliowaona kwenye skrini na kuwadhania wakubwa wake walikuwa picha bandia zilizotengenezwa kwa kompyuta. Funzo kwa mweka hazina wa chama au SACCO ni moja: agizo la pesa lililotolewa kwa video lithibitishwe kwa kupiga nambari unayoijua tangu zamani, au ana kwa ana.

Mahakamani: usikubali kimya

Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuwepo kesi yake ikisikizwa, kuchagua wakili na kuwakilishwa naye, na kupata mkalimani bila malipo asipoelewa lugha inayotumika. Haki hizi haziishi kwa sababu kikao kiko kwenye skrini. Mahabusu aliye gerezani akishindwa kusikia shahidi alichosema, aseme. Mzee anayejieleza vyema kwa Kidawida kuliko kwa Kiswahili au Kiingereza, aombe mkalimani mapema. Anayetaka kunong'onezana na wakili wake aombe nafasi ya faragha kabla ya kuendelea.

Kosa ambalo watu wengi hufanya ni kunyamaza. Mtandao unakatika, wanapoteza maneno mawili matatu, wanaona haya kumkatiza jaji, wanaitikia kwa kichwa. Kumbukumbu ya mahakama haitaonyesha kwamba hukusikia. Itaonyesha kwamba hukupinga. Maneno haya machache yanatosha: "Mheshimiwa, sauti ilikatika, naomba jambo hilo lirudiwe."

Ushirikishaji wa umma: mtandao ni mlango wa ziada

Katiba, Kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti kuwezesha wananchi kushiriki katika shughuli zake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, Kifungu cha 91, inataja njia za kufanya hivyo. Majukwaa ya teknolojia ya habari na mawasiliano yamo, na pamoja nayo yametajwa mikutano ya hadhara, vikao vya bajeti na mbao za matangazo. Sheria imeziweka njia hizi pamoja, kwa sababu hakuna moja inayowafikia watu wote.

Fikiria kikao cha maoni kuhusu bajeti kinachofanywa kwa video peke yake. Mwanafunzi aliye Nairobi na mfanyakazi aliye Doha watashiriki kwa mara ya kwanza. Hilo ni jema. Lakini mkulima wa Sagalla ambaye ndovu wamemwharibia shamba, mwenye simu ya kitochi, hatakuwepo. Mapendekezo yatasomeka vizuri, idadi ya washiriki itaonekana kubwa, na barabara au zahanati aliyotaka kuitetea haitakuwa kwenye orodha. Kutokuwepo kwake hakutaonekana popote kwenye kumbukumbu.

Njia nzuri ni kuchanganya. Watu wakutane katika ukumbi wa wadi au uwanja wa chifu, na skrini moja yenye spika kubwa iwaunganishe na maafisa na wananchi walio mbali. Anayeendesha kikao awape nafasi walio ukumbini na walio mtandaoni kwa zamu. Asiye na simu aandikiwe maoni yake, asomewe alichosema, kisha athibitishe.

Upimaji kabla ya kuchagua

Kabla ya kuitisha kikao, jiulize mambo manne. Je, kila anayehusika ana kifaa, data na mtandao? Je, kuna kitu kinachohitaji kushikwa, kunusiwa au kupimwa kwa mkono? Je, kuna siri ambayo mtu atashindwa kuitoa akiwa alipo? Je, uamuzi utakaofikiwa unaweza kurekebishwa kukitokea makosa?

Taarifa fupi, mipango, ufuatiliaji na tarehe za kesi zinafaa kwa video. Ushahidi wenye mvutano, mgawanyo wa ardhi, habari za kifo na upatanisho wa waliokosana ni afadhali watu wakutane, kila inapowezekana.

Hatua za kufuata siku ya mkutano

1. Pata kiungo cha mkutano siku moja kabla, kutoka kwa ofisi inayohusika yenyewe. Usibonyeze kiungo ulichotumiwa na mtu usiyemjua.
2. Jaji simu, nunua data ya kutosha, na ujaribu kamera na sauti.
3. Keti mahali patulivu, mwanga ukiwa mbele yako na si mgongoni.
4. Andika jina lako kamili. Katika kesi, ongeza nambari ya kesi.
5. Zima kipaza sauti usipozungumza. Jogoo na pikipiki husikika mbali.
6. Ukiwa kortini, vaa na kaa kama uliye mbele ya jaji, kwa kuwa kweli uko mbele yake.
7. Mtandao ukikatika, rudi mara moja, eleza ulipoachia, na uombe yaliyopita yarudiwe.
8. Mwishoni, taja kwa sauti mlichokubaliana, na uandike tarehe inayofuata.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni huduma zipi katika wadi yenu ambazo mngependa zipatikane kwa video, na zipi mngependa zibaki ana kwa ana? Toeni sababu.
2. Nani katika kijiji chenu angekosa kushiriki kikao cha mtandaoni, na afanyiwe nini ili sauti yake ifike?
3. Kikundi chenu kina utaratibu gani wa kuthibitisha agizo la pesa lililotolewa kwa simu au video?

Mfanyabiashara wa Taveta aliyeanza somo hili anaweza kubaki dukani siku ya kutajwa kwa kesi, na kupanda matatu siku ya ushahidi. Akijua tofauti ya siku hizo mbili, teknolojia itakuwa imemsaidia.